Kijana anaumwa kiuno: Daktari anaanza na saa, si eksirei

Kijana anayebeba marobota Kariakoo tangu alfajiri akianza kuumwa kiuno, majibu ya mtaani huwa mawili: "ni uzito" au "ni UTI". Basi ananunua diklofenaki dukani, au anaanza dozi bila hata kupima mkojo.

Jibu la kwanza mara nyingi liko karibu na ukweli. Maumivu mengi ya mgongo kwa vijana ni ya misuli na kano, na hupungua ndani ya wiki chache, hasa mtu akiendelea kutembea badala ya kushinda kitandani. UTI peke yake si rahisi iumize kiuno. Maambukizi yakipanda hadi kwenye figo, huuma ubavuni chini ya mbavu, tena na homa.

Swali zito la daktari ni hili: yanauma saa ngapi? Ya misuli huzidi mtu akiinama au akibeba, akipumzika yanatulia. Lakini kuna kijana anayeamshwa na maumivu usiku wa manane, asubuhi mgongo umekakamaa zaidi ya nusu saa, halafu akianza kazi unalegea. Huyo huenda ana ugonjwa wa baridi yabisi ya uti wa mgongo. Haupatikani sana, ila huanza ujanani, na eksirei za mwanzo zinaweza kutoka safi kabisa. Kwa kuwa kazi inampa nafuu, anaweza kukaa nao miaka bila kujua.

Maumivu yakishuka kwenye kalio hadi chini ya goti kama shoti ya umeme, na kuzidi akikohoa, anayeshukiwa ni diski iliyobana mshipa wa fahamu.

Halafu kuna TB ya uti wa mgongo, ambayo kikohozi kinaweza kisiwepo. Maumivu yanaongezeka polepole, uzito unapungua, homa za jioni, jasho usiku. Ikicheleweshwa, pingili huharibika, kibyongo hutokea na miguu inaweza kupooza. Dawa zake ni bure hospitali za serikali.

Mkojo ukigoma, ganzi ikiingia sehemu za siri au miguu ikiishiwa nguvu, hakuna kusubiri kesho. Ni kwenda Amana, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo Ilala, ama MOI pale Muhimbili, wanakofanya upasuaji wa uti wa mgongo.