Tamaa

Mwanafunzi wa Kinoru, Meru, aliyesoma The Pearl ya John Steinbeck, riwaya fupi ya mwaka 1947 iliyowahi kutahiniwa katika mtihani wa KCSE, atakuambia upesi kwamba mhusika mkuu, Kino, aliponzwa na tamaa. Ni kweli, ila Kiswahili kinasema zaidi. Tamaa ni uchu wa mali. Tamaa pia ni tumaini. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014, wakulima wa Meru walikata tamaa, na hakuna aliyedhani wameacha uroho.

Tazama alichotamani Kino alipoipata lulu: ndoa ya kanisani, bunduki, na shule kwa mwanawe, Coyotito. Mzazi gani hapa hatamani mtoto asome? Tamaa hiyohiyo ilimfanya ampige mkewe, Juana, alipotaka kuitupa lulu baharini, na mwishowe mtoto akafa kwa risasi. Mpaka uko wapi? Neno halituonyeshi, na ndiyo nguvu yake. Uroho ningewawekea wanunuzi wa lulu, waliojifanya washindani ilhali mwajiri wao ni mmoja, wakamtajia peso 1,000 kwa lulu iliyokuwa kubwa kama yai la shakwe.