Nzige Wekundu na Ulinzi wa Bonde la Rukwa

Wengi wetu tukaao Mbozi, Momba, Ileje na Tunduma hatujapata kuona jua likifunikwa na nzige. Tusomapo habari zao katika kitabu cha Kutoka twadhani ni mambo ya Misri na ya zamani za kale. Lakini pigo kubwa la nzige wekundu, lililoenea karibu katika Afrika yote iliyo kusini mwa ikweta tangu 1930 hata 1944, halikutoka mbali. Chimbuko lake lilikuwa katika nyika za maji na nyasi zilizo kati ya Tanganyika na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Na mojawapo ya nyika hizo ni Bonde la Rukwa, liyapokeayo maji ya mto wetu wa Momba. Basi yafaa tuijue historia hii, maana ni yetu, wala haijafika mwisho.

Tuanze na mahali penyewe. Ziwa Rukwa halina mto utokao ndani yake. Maji huingia kutoka milimani, nayo hayana njia ila kupanda juu kwa joto la jua. Kwa hiyo ziwa hupanuka mvua zikiwa nyingi, na hupungua zikiwa haba. Linapopungua huacha uwanda mpana wenye majani marefu, na katikati ya majani mahali patupu penye udongo wenye unyevu. Hapo ndipo nzige mwekundu apendapo kukaa. Majani humpa chakula na mahali pa kulala usiku, na udongo mtupu humpa mahali pa kutaga. Mvua zianzapo kuinywesha nchi, jike hutoboa udongo kwa mkia wake na kuweka makumi ya mayai, pengine hata 100 kwa mara moja. Baada ya mwezi hivi hutoka tunutu wasio na mabawa, nao hula na kujivua ngozi mara nyingi, hata mwisho wa mvua wawe nzige kamili. Kisha hukaa kiangazi chote bila kutaga, wakingoja mvua nyingine.

Katika miaka mingi nzige hao huwa wachache, na kila mmoja huenda peke yake kama panzi mwingine yeyote. Lakini mambo yalibadilika mnamo 1930. Makundi yalizidi, yakaruka kutoka nyika za Rukwa na za Mweru wa Ntipa, yakafuata pepo. Hawakujua mpaka wa dola wala wa kabila. Walifika Kenya na Uganda upande wa kaskazini, Kongo na Angola upande wa magharibi, na Afrika Kusini mwisho wa bara. Mahali walipotua walikula ulezi, mtama na mahindi, wakayaacha mabua matupu. Nzige mmoja hula kwa siku chakula cha uzito wake, yaani gramu 2 au 3, na hicho ni kitu kidogo. Bali tani moja ya nzige, ambayo si kundi ila ni sehemu ndogo tu ya kundi, hula kwa siku moja chakula cha watu 2,500 hivi. Ndiyo sababu mihogo ilihimizwa sana katika miaka ile: nzige wala majani, lakini mzizi ulio chini ya udongo hawaupati.

Watu walipigana nao kwa silaha walizokuwa nazo. Walipiga madebe na ngoma ili wasitue, wakawasha moshi, wakachimba mahandaki na kuwafukuzia tunutu humo, kisha wakawafukia. Serikali zilitoa pumba iliyochanganywa na sumu ya aseniki, ikamwagwa njiani mwa tunutu. Kazi hiyo iliokoa mashamba mengi, lakini haikulimaliza pigo. Aliyewaua nzige wa shamba lake leo aliweza kuwapata wa jirani kesho. Tena aseniki haichagui: ng'ombe au mbuzi alaye pumba ile hufa vilevile.

Kumbe jibu halikuwa shambani. Lilikuwa katika swali ambalo mwenye hekima wa Mithali aliliona zamani, alipostaajabu kwamba nzige hawana mfalme nao huenda kwa vikosi. Mwaka 1921 Boris Uvarov, mtaalamu mzaliwa wa dola ya Urusi aliyefanya kazi London, alieleza ya kuwa nzige wa kundi na nzige mpweke ni mdudu mmoja. Akikaa peke yake huwa mpole. Wakisongamana wengi mahali pamoja, rangi yao hubadilika, na tabia pia: huandamana, na hatimaye huruka kwa jeshi. Watafiti wa siku zetu wameendelea mbele katika jambo hilo. Mwaka 2009 wataalamu wa Uingereza na Australia walionyesha, kwa nzige wa jangwani, kwamba wakisongamana hupata mwilini kwa wingi kitu kiitwacho serotonini, nacho ndicho kinachowaanzisha kupenda kundi. Kitu hicho kimo hata katika ubongo wa mwanadamu, na madaktari hukifikiria sana wanapotibu ugonjwa wa huzuni kuu. Hivyo elimu ya mkulima na elimu ya mganga hukutana mahali tusipotazamia.

Maneno ya Uvarov yaligeuza vita. Kama kundi huzaliwa mahali pa msongamano, basi mtu na apatafute mahali hapo, apalinde, na kuwaua wangali wachache. Mikutano ya mataifa juu ya nzige ilifanyika Roma mwaka 1931, Paris 1932, London 1934, Cairo 1936 na Brussels 1938. Watafiti walifuata nyayo za nzige wekundu kurudi nyuma, wakafika Rukwa na Mweru wa Ntipa. Tarehe 22 Februari 1949 mkataba ulitiwa sahihi London wa kuweka shirika la mataifa la kuwazuia nzige wekundu, na makao yake yakawa Abercorn, mji uitwao leo Mbala, ng'ambo ya mpaka wetu. Kutoka huko walinzi walishuka bondeni mwaka baada ya mwaka, kwa miguu, kwa motokaa na kwa eropleni, wakihesabu nzige na kupima maji na majani. Baada ya nchi zetu kupata uhuru kazi ikashikwa na shirika la serikali za Afrika ya Kati na Kusini, Tanzania ikiwamo, ambalo makao yake ni Ndola, Zambia. Tangu 1944 hata leo pigo la namna ile halijarudi. Makundi yametoka mara kwa mara, lakini bara zima halijafunikwa tena.

Lakini ushindi huo ulikuwa na gharama yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili ziliingia sumu mpya zenye nguvu kuliko aseniki, na mojawapo ikaitwa dieldrini. Siku zile watu walizishangilia sumu za namna hiyo. Hata DDT, ambayo Paul Müller wa Uswisi aliigundua nguvu yake mwaka 1939 alipokuwa akitafuta dawa ya wadudu wa mashamba, ilimpatia Tuzo ya Nobel ya udaktari mwaka 1948, kwa sababu iliua chawa wa homa na mbu wa malaria. Baadaye ikaonekana kwamba dieldrini na DDT hazitoweki upesi. Hukaa udongoni, huingia katika samaki na ndege, na hatimaye katika mwili wa mtu. Ndipo katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 mataifa yalikubali kuziondoa sumu kadhaa za aina hiyo. DDT iliachiwa nafasi ndogo tu katika vita vya malaria. Fikirini basi Bonde la Rukwa, penye wavuvi, ng'ombe, viboko na ndege wa maji. Je, tuuokoe ulezi kwa kuwatilia sumu samaki?

Jibu limetoka katika ugonjwa wa nzige wenyewe. Wadudu nao huugua. Iko kuvu iitwayo Metarhizium, ambayo mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Mbegu ikimshika nzige huota juu ya ngozi yake, hupenya ndani na kumla polepole. Mwaka 1989 ulianza mradi wa mataifa wa kuitafiti kuvu hiyo, nao uliendelea hata 2002. Aina iliyochaguliwa ilipatikana Niger, katika Afrika ya Magharibi. Watafiti walitambua kwamba mbegu zikichanganywa na mafuta hufanya kazi hata hewa ikiwa kavu; na dawa iliyotoka katika kazi hiyo ikaitwa Green Muscle. Huwashika nzige na jamaa zao wa panzi, bali haimdhuru mtu, wala ng'ombe, wala samaki.

Na hapa pana ajabu nyingine. Nzige aliyeshikwa na kuvu hutoka akaota jua ili mwili wake upate moto, naye kwa moto huo huizuia kuvu isikue upesi. Ndivyo mwili wetu ufanyavyo tukipata homa: joto ni sehemu ya vita vyake dhidi ya ugonjwa. Kwa sababu hiyo, na kwa tabia yake yenyewe, dawa hii haiui siku ileile. Huchukua juma moja hata matatu.

Mwaka 2009 ilijaribiwa kwetu. Nzige wekundu waliongezeka katika nyanda za Rukwa, Iku-Katavi na bonde la Malagarasi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidiana na shirika la Ndola, na dawa ya kuvu ikanyunyizwa kwa ndege juu ya hekta zipatazo 10,000. Ilichaguliwa hasa kwa sababu mahali penyewe ni penye maji na wanyama wengi. Nzige wakapungua, wala makundi hayakupata nguvu ya kwenda kuyala mashamba ya nchi jirani. Ilikuwa mara ya kwanza katika Afrika kwa dawa ya namna hii kutumiwa juu ya nzige katika eneo kubwa.

Sasa na tulione fundisho. Dawa ichukuayo majuma matatu haimfai mtu ambaye nzige wamekwisha kutua shambani mwake. Mazao yataliwa kabla haijafanya kazi. Yamfaa awahiye, aliyewaona tunutu wangali bondeni. Achelewaye hana budi kurudia sumu kali. Ni kama kifua kikuu: kikijulikana mapema hutibiwa kwa vidonge na mgonjwa akapona, kikifichwa huliharibu pafu, na nyumba nzima huambukizwa. Kwa hiyo kulinda na kuponya si kazi mbili, ni kazi moja.

Ulinzi huo una adui mmoja, nao ni kusahau. Miaka ya amani ikiwa mingi, watu huuliza, Mbona twatoa fedha kwa ajili ya wadudu wasioonekana? Ni swali la mtu aliyebomoa boma kwa kuwa simba hajaja. Simba hakuja kwa sababu ya boma.

Sisi wanavijiji tuna sehemu yetu. Mchungaji wa ng'ombe na mvuvi wa Kamsamba huliona bonde kabla ya ndege yoyote. Waonapo tunutu wengi wenye rangi ya manjano na nyeusi wakiandamana, wasingoje; wamwambie bwana shamba au mtendaji wa kijiji siku ileile. Tena nzige ni chakula cha watu wengi tangu zamani, na Yohana Mbatizaji aliwala jangwani. Lakini nzige wa mahali palipopigwa sumu wasiliwe kamwe, wala kuuzwa sokoni. Na waalimu wawafundishe watoto habari hii ya Rukwa pamoja na habari za Misri, ili wajue kwamba ziwa lao dogo limeshika amani ya mashamba mengi, mpaka nchi ambazo hawatazifikia.