Madigadi ya baiskeli na udongo wa Bunda
Raleigh za Nottingham, na baadaye Phoenix za Shanghai, zilikuja na madigadi ndefu tangu kiwandani. Foku yake ni pana, tope linapita. Ndizo zilizobeba pamba Bunda na samaki wa Musoma.

Siku hizi tunanunua mitumba ya baiskeli za mbio, ambazo tairi linakaribia kugusa foku. Ukilazimisha madigadi nzima, udongo mweusi wa mbuga unajaa humo, gurudumu linakwama, na samaki wanaozea njiani kabla ya Butiama.

Penseli isipopita juu ya tairi, mwambie fundi aikate madigadi penye foku, afunge vipande viwili, mbele na nyuma yake. Tairi jembamba huongeza nafasi, lakini halifai mzigo. Masika, mimi natoa Phoenix.