Nchi Jirani: Maneno Yaliyogawa Maji ya Nile

Wanafunzi wetu hudhani kuwa mgogoro wa maji ya Mto Nile ni kazi ya wahandisi. Tukiisoma mikataba yenyewe tunaona kuwa kwa sehemu kubwa ni mgogoro wa maneno, na wa nani aliyaandika.

Mwezi Mei 1929 Uingereza na Misri zilibadilishana barua. Ilikubaliwa kwamba, bila idhini ya Misri, isifanyike kazi yoyote ya kupunguza maji yake kwenye mto huo, matawi yake wala maziwa yake, katika nchi zilizo chini ya Waingereza. Tanganyika, Kenya na Uganda hazikuulizwa. Hata Bwawa la Owen Falls, Jinja, lililofunguliwa 1954, liliwekewa mhandisi wa Misri wa kusimamia maji yanayotoka. Mwaka 1959 Misri na Sudan ziligawana mita za ujazo bilioni 55.5 na 18.5 kwa mwaka. Ethiopia, ambako maji mengi hutoka, haikutengewa hata tone.

Julai 1962 serikali ya Mwalimu Nyerere iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kuwa Tanganyika haifungwi na barua za 1929. Ilikataa mkataba bila kukataa mazungumzo, na kwa maoni yetu ustaarabu huo ndio uliorahisisha mambo baadaye. Mwezi Februari 1999 mawaziri wa nchi za bonde hilo walizindua ushirikiano wao papa hapa Dar es Salaam, makao yakawa Entebbe.

Mkataba mpya ulikwama kwenye ibara ya 14(b). Nchi za juu zilitaka kila nchi isiathiri kwa kiasi kikubwa uhakika wa maji wa nyingine. (Wengine hutafsiri “usalama wa maji”, lakini hilo humfanya msomaji afikirie vijidudu.) Misri na Sudan zilitaka yaongezwe matumizi na haki zilizopo. Maneno hayo machache yangeihuisha mikataba ya 1929 na 1959.

Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia zilitia saini Mei 2010. Sudan Kusini iliporidhia 2024, idadi ikatimia, na mkataba ukaanza kutumika Oktoba 13 mwaka huo, Misri na Sudan zikiwa nje. Ibara ya 14(b) iliwekwa kwenye kiambatisho, itatuliwe na Kamisheni ya bonde ndani ya miezi sita tangu iundwe.