Habari za Ardhi ya Chumvi: Jinsi Ilivyogawanywa na Kuchorwa

Katika nchi yetu ya Kenyamonta, kusini ya mto Mara, mtu akishuka kutoka kilimani hata bondeni hukanyaga udongo wa namna nyingi kabla hajafika majini. Juu huona mawe na kichanga. Katikati udongo wa kijivu. Chini udongo mweusi wa mbuga, upasukao wakati wa kiangazi na kunata wakati wa mvua. Na pengine, kati ya ule wa kijivu na ule mweusi, huona vipande vya ardhi vilivyo vitupu, vigumu kama sakafu, au vyenye unga mweupe juu yake. Mahindi yakipandwa hapo huota, hugeuka manjano, kisha hufa.

Mashamba ya namna hiyo huleta maneno mengi vijijini. Mmoja husema ardhi imelaaniwa. Mwingine humtazama jirani yake kwa jicho baya. Wa tatu hununua mbolea ya dukani mwaka baada ya mwaka, na fedha yake hupotea. Ndugu wakigawana urithi wa baba yao, sehemu hupimwa kwa hatua za miguu tu, na yule aliyepewa upande mbaya hujikuta ana ekari sawa na wenzake bali hana mavuno sawa. Kwa hiyo twaona yafaa kuwaandikia wasomaji wetu habari za ardhi ya chumvi: jinsi wanadamu walivyojifunza kuzitambua namna zake, na jinsi walivyozichora katika ramani. Maana chumvi ya ardhi si ya namna moja, na asiyejua namna zake hutibu ugonjwa mmoja kwa dawa ya mwingine.

Jambo hili ni la kale. Wasomao Biblia wakumbuka habari za Abimeleki, jinsi alivyoubomoa mji wa Shekemu akaupanda chumvi. Tena nabii Yeremia aliitaja nchi ya chumvi isiyokaliwa na watu kuwa mfano wa mtu aliyemwacha Mungu. Watu wa zamani zile waliyajua waliyoyasema, kwa kuwa katika nchi ya Mesopotamia, kati ya mito Frati na Hidekeli, wakulima walikuwa wamekwisha kuionja taabu hiyo. Mwaka 1958 wataalamu wawili, Thorkild Jacobsen na Robert Adams, waliandika kwamba upande wa kusini wa nchi ile ngano na shayiri zililimwa kwa kiasi karibu sawa yapata mwaka 3500 K.K. Baada ya miaka elfu moja ngano ilikuwa sehemu moja tu katika sita; na ulipofika mwaka 1700 K.K. ilikuwa imeachwa kabisa. Sababu waliyoitaja ni maji ya mifereji, yaliyoipandisha juu chumvi iliyokuwa chini. Na shayiri huvumilia chumvi kuliko ngano. Wataalamu wengine wamebisha baadhi ya hoja zao, walakini hakuna abishaye kwamba maji yasiyo na pa kutokea huiacha chumvi yake shambani.

Wazee wa Afrika nao walikuwa na elimu yao, ijapokuwa hawakuiandika. Mchungaji alijua mahali ng'ombe walambapo ardhi, akawapeleka huko. Alijua majani yameayo penye magadi, na kisima ambacho maji yake hayakati kiu. Jirani zetu Wasukuma waliugawa udongo kwa majina: luseni ni kichanga, itogolo ni udongo wenye tabaka ngumu chini yake, ibambasi ni ule mgumu wenye magadi, na mbuga ni ule mweusi wa bondeni. Kwa majina hayo walijua pa kulima mihogo na pa kuchimba majaruba ya mpunga. Mtu aliyekuwa na majina hayo alikuwa na ramani kichwani mwake, ingawa hakuwa na karatasi.

Elimu ya udongo iliyoandikwa vitabuni ilipata nguvu katika nchi ya Urusi. Mwaka 1883 Vasily Dokuchaev alitoa kitabu juu ya udongo mweusi wa nchi yake, akafundisha kwamba udongo si mawe yaliyosagika tu, bali ni kitu chenye tabia yake, nayo yatokana na mwamba, mvua na jua, mimea na wadudu, mteremko wa ardhi, na umri. Na yapasa tukumbuke jambo moja. Wataalamu wa Urusi walipotaka majina ya ardhi ya chumvi, waliyapata vinywani mwa wakulima wa huko: solonchaki na solonetzi. Kadhalika huko California, nchi ya Marekani, wakulima walikuwa wakisema magadi meupe na magadi meusi, naye Bwana Eugene Hilgard akayachunguza majina yao badala ya kuyacheka, akaona kwamba yataja vitu viwili vilivyo mbali mbali. Baadaye, katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, Mrusi Konstantin Gedroiz alieleza sababu yake.

Basi tuitaje tofauti hiyo, kwa kuwa ndiyo kiini cha habari yote. Ardhi ya kwanza, yaani solonchaki, ina chumvi nyingi iliyoyeyuka katika maji ya udongo. Mmea husimama ndani ya maji na hauwezi kuyanywa, kama mtu mwenye kiu aliye baharini. Kiangazi kikija, maji hupanda juu na kukauka, na chumvi hubaki kama unga mweupe. Udongo wenyewe waweza kuwa laini. Dawa yake ni maji mengi yaliyo safi, na mfereji wa kuyatoa yakiisha kuosha.

Ardhi ya pili, yaani solonetzi, pengine haina chumvi nyingi iliyoyeyuka. Ubaya wake ni kwamba sodiamu, ambayo ni mojawapo ya vitu viwili vifanyavyo chumvi ya kula, imeshikamana na chembe za mfinyanzi. Chembe hizo zikilowa hutawanyika na kuziba matundu yote; zikikauka huwa kama tofali. Mvua haingii, wala mizizi haipiti. Hapa maji matupu hayafai, kwa kuwa hayawezi kuing'oa sodiamu. Hutakiwa jasi kwanza, ambayo ina kitu cha namna ya chokaa kiwezacho kuiondoa sodiamu na kukaa mahali pake. Kisha maji ya kuosha, na samadi ya kuupa udongo uhai. Iko na ardhi ya tatu iliyo na maovu yote mawili, na mtu akiiosha kwa maji bila jasi, huiondoa chumvi na kuiacha sodiamu, hata shamba likawa baya kuliko kwanza.

Mwaka 1954 maabara ya Serikali ya Marekani iliyoko Riverside, California, ilitoa kitabu kilichoweka mipaka ya namna hizi kwa hesabu. Maji ya udongo yakipitisha umeme kwa kipimo cha zaidi ya 4, ardhi huhesabiwa kuwa ya chumvi. Sodiamu ikishika zaidi ya sehemu 15 katika mia za nafasi zilizo juu ya mfinyanzi, huhesabiwa kuwa ya sodiamu, na mara nyingi kipimo chake cha ugadi hupita 8.5, hali maji safi yana 7. Mipaka hiyo yatumika hata leo katika nchi nyingi.

Sasa turudi Afrika ya Mashariki. Katika milima ya Usambara kiko kituo cha Amani, kilichoanzishwa na Wadachi mwaka 1902. Huko, katika enzi ya Waingereza, alifanya kazi Bwana Geoffrey Milne, mtaalamu wa kemia ya udongo. Alipotakiwa kuchora ramani ya udongo wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, alikuta shida: katika nchi ya vilima udongo hubadilika kwa hatua mia chache, na ramani ya nchi nzima haina nafasi ya kuonyesha kila badiliko. Lakini aliona pia kwamba mabadiliko hayo yana utaratibu. Kila mteremko wa namna moja hurudia udongo ule ule kwa safu ile ile, kutoka kileleni hata mbugani. Mwaka 1935 aliipa safu hiyo jina la Kilatini, catena, maana yake mnyororo, na mwaka 1936 ramani yake ya kwanza ilichapishwa. Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936 alisafiri katika sehemu nyingi za Tanganyika akiuchunguza udongo. Naye alifariki mwaka 1942, na habari za safari ile zikachapishwa mwaka 1947. Neno lake limeenea duniani kote, nalo lilizaliwa katika vilima vyetu.

Mnyororo huo watueleza habari za chumvi. Mvua ikinyesha juu huyeyusha vilivyomo katika mawe na kushuka navyo. Kilimani chumvi haikai, maana huoshwa. Chini, maji yasimamapo na kukauka, hukusanyika. Ndiyo sababu shamba la juu na shamba la chini la mtu mmoja huwa na tabia mbili, wala hapana haja ya kutafuta mchawi.

Upande wa Serengeti iko na sababu nyingine. Mashariki yake kuna mlima wa moto, Oldoinyo Lengai, ambao moto wake hutoa uji wa mawe wenye magadi mengi, usio na mfano wake katika milima mingine ya moto iwakayo duniani leo. Mlima huo na mlima Kerimasi ulio karibu nao zamani zilitupa majivu, na upepo wa mashariki ukayaleta hata uwanda wa Serengeti. Wataalamu wa Kiholanzi wameuandika udongo huo: de Wit aliandika juu ya uwanda mwaka 1978, na Jager juu ya misitu mwaka 1982. Tena mwaka 1988 Bwana Samuel McNaughton alionyesha kwamba wanyama wa porini hukusanyika mahali ambapo majani yana madini zaidi, na sodiamu ni mojawapo. Basi ardhi inayoua mahindi yaweza kuwalisha nyumbu na ng'ombe. Mungu hakuiumba bure. Sisi ndio tuliokosea matumizi yake.

Ramani za dunia nzima zilifuata. Mashirika ya FAO na UNESCO yalianza kazi hiyo mwaka 1961, na ramani zikaisha kuchapishwa mwaka 1981. Mwezi wa Oktoba 2021 FAO ilitoa ramani ya ardhi za chumvi iliyokusanywa na nchi 118, ikahesabu zaidi ya hekta milioni 833. Mwaka 2024 ikatoa hesabu nyingine, hekta milioni 1,381, yaani karibu sehemu 11 katika mia za nchi kavu yote. Msomaji asidhani kwamba chumvi iliongezeka hivyo kwa miaka mitatu. Hesabu hufuata vipimo na mahali palipopimwa. Na palipo na vipimo vichache, ramani hukisia.

Hapo ndipo tunapoguswa sisi. Katika ile ramani ya FAO na UNESCO, sentimeta moja ni kilometa 50 za nchi. Punje moja ya mahindi ikiwekwa juu yake yaifunika Kenyamonta yote, vilima na mbuga pamoja. Ramani ya namna hiyo yafaa kwa Serikali na kwa wataalamu, bali haiwezi kumwambia mtu shamba lake ni la namna gani. Na ramani ya wazee, iliyokuwa kichwani, imepungua. Kati ya miaka 1973 na 1976 watu wengi wa Tanzania walihamishiwa katika vijiji vipya, na nyumba nyingi zilipangwa kando ya barabara pasipo kuuliza udongo. Mtu aliyehamishwa aliuacha mteremko aliojua majina yake, akaanza kulima kwa kubahatisha. Na watoto wake hawakurithi majina yale.

Lakini ramani hiyo yaweza kuandikwa upya, na kazi yake si kubwa. Kwanza, kijana amwulize mzee majina ya udongo, ayaandike, na mahali pake. Pili, achimbe shimo la kufika kiunoni juu, katikati, na chini ya mteremko, aone tabaka zake. Tatu, achukue donge kavu la udongo, kadiri ya punje ya mahindi, aliweke polepole katika gilasi ya maji ya mvua, wala asilitikise. Kesho yake akiona wingu kama maziwa kandokando ya donge, mfinyanzi umetawanyika, na sodiamu yashukiwa. Asipoona wingu, asiseme kwamba ardhi ni nzima, kwa kuwa chumvi nyingi huweza kuzuia wingu hilo. Atazame kama kuna unga mweupe wakati wa kiangazi. Penye shaka, udongo upelekwe maabara, kama ile ya Mlingano, Tanga, au ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kabla ya kununua mbolea au jasi. Jasi yachimbwa katika nchi yetu wenyewe, kama huko Makanya na Itigi, lakini gharama ya kuileta mbali ni kubwa, na yafaa mtu ajue kwanza kama aihitaji. Pengine shauri jema ni kupaacha pale pawe malisho, na nguvu kuzipeleka juu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imewapa watu wa vijiji kazi ya kuitunza ardhi yao, na vijiji vingi hupanga sehemu ya kulima, ya kuchunga na ya kujenga. Wazee wa baraza wakikaa kwa kazi hiyo, yapasa waweke mezani ramani ya udongo pamoja na ile ya mipaka. Kadhalika ndugu wagawanao urithi wapime kwa udongo, si kwa hatua za miguu peke yake, ili kila mmoja apate sehemu ya juu na sehemu ya chini. Hapo haki itakuwa imetendeka, na maneno ya laana yatakuwa yameondoka katikati yetu.