Jitu la maabara na kuruta wa handaki

Aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda cha video, iwe Manzese au Kibera, anaijua sheria: steringi hafi. Risasi zinamkwepa, ukuta unamwangukia anajikung'uta vumbi, akichomwa kisu anajifunga kitambaa na kuendelea. Wanaokufa ni wale wa nyuma yake, waliovaa sare ileile, ambao hata msimuliaji wa filamu hahangaiki kuwataja majina.

Hadithi za kisayansi za vita zilipokuja ziliikuta sheria hiyo, zikaitafutia sababu. Steringi hafi kwa kuwa maabara imemshughulikia. Kadungwa dawa, kavikwa chuma chenye mitambo, kapandikizwa moyo wa pili. Wale wa nyuma nao wakapata watetezi wao, waandishi waliotaka kujua jina la kila anayeanguka. Ugomvi wa pande hizo mbili umedumu zaidi ya miaka themanini, na mtu akitaka kuuelewa ni vyema aanze kwa kuuliza kila mwandishi alikuwa wapi bunduki zilipokuwa zikilia.

Tuanzie Desemba 20, 1940. Siku hiyo wauza magazeti wa Marekani walipokea kitabu cha katuni ambacho jalada lake lilimwonyesha Captain America akimtandika Hitler ngumi ya taya. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Ilibaki kama mwaka mmoja. Joe Simon na Jack Kirby, waliokibuni, walikuwa Wayahudi wa New York, na habari za Ulaya zilikuwa zikiwakera kuliko zilivyowakera wanasiasa wengi wa nchi yao. Shujaa wao Steve Rogers ni kijana kimbaumbau aliyekataliwa na jeshi kwa udhaifu wa mwili. Profesa anamdunga dawa, misuli inafura papo hapo. Kabla shangwe haijaisha, jasusi wa Kinazi anampiga risasi profesa, na siri ya dawa inazikwa naye. Ni hila ya kiuandishi yenye akili. Dawa ile ingetoa jeshi zima la majitu, na jeshi zima la masteringi halina steringi.

Dawa zenyewe hazikuwa ndoto tupu. Kati ya Aprili na Julai ya mwaka huohuo wa 1940, jeshi la Ujerumani na kikosi chake cha anga vilipelekewa vidonge takriban milioni 35 vya kuondoa usingizi, maarufu zaidi vikiwa vya Pervitin, ambayo ni methamfetamini. Askari aliyemeza alitembea usiku na mchana bila kuhisi njaa wala woga, kisha akaanguka hoi. Mwaka uliofuata serikali yao wenyewe iliiweka Pervitin chini ya sheria ya dawa za kulevya.

Kirby aliitwa jeshini mwaka 1943. Agosti 1944 alishushwa kwenye ufuo wa Omaha, Normandy, miezi miwili na nusu baada ya mauaji makubwa ya siku majeshi ya Washirika yalipotua pale, akapelekwa mashariki na jeshi la Jenerali Patton akiwa askari wa miguu. Mwenyewe alisimulia kwamba luteni wake alipogundua kuwa huyu ndiye mchoraji wa Captain America, alimpa kazi maalumu: awatangulie wenzake, aingie katika miji ambayo haijulikani kama adui kaondoka, achore ramani ya alichokiona. Kalamu iliyomzaa askari asiyekufa ikampeleka mwenye kalamu pale ambapo askari hufa upesi. Majira ya baridi yalipoingia, miguu yake iliganda kwa baridi kiasi cha kulazwa hospitali London, na madaktari wakafikiria kuikata. Bahati nzuri ilipona.

Aliporudi hakuacha kuchora majitu, maana ndiyo yaliyokuwa yakimlisha. Ila mwaka 1954 yeye na Simon walitoa Foxhole, kitabu cha katuni ambacho jina lake ni lile shimo analojichimbia askari ili asipigwe. Humo hamna dawa wala ngao kama ya Captain America. Kuna watu wenye matope wanaosubiri kombora lipite.

Mwaka ulionoga kuliko yote katika historia hii ni 1959. Vitabu vitatu vya mwaka huo viliingia katika orodha moja ya kuwania Tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za kisayansi, ya 1960, kila kimoja kikiwa na askari wake wa ajabu, na kila kimoja kikimtazama kwa jicho tofauti kabisa.

Kilichoshinda ni Starship Troopers cha Robert Heinlein. Humo Johnny Rico, kijana wa familia tajiri ambaye karibu na mwisho wa kitabu tunagundua kuwa nyumbani kwao huzungumza Kitagalogi, lugha ya Ufilipino, anajiunga na kikosi cha askari wa miguu wanaodondoshwa kutoka angani. Kila mmoja amevaa vazi la chuma linalomwezesha kuruka nyumba na kubeba silaha za nyuklia mgongoni. Michezo ya kompyuta na filamu nyingi za leo zimekula mezani kwa Heinlein, na Wajapani waliotengeneza katuni za televisheni za Gundam mwaka 1979 walikuwa wamelisoma vazi hilo vizuri. Lakini kilichomshughulisha Heinlein hasa kilikuwa tabia. Kwake jitu halizaliwi maabara. Kuruta yeyote anaweza kukivaa chuma kile mradi avumilie mafunzo, na akivunja sheria achapwe mijeledi hadharani. Katika dunia yake anayepiga kura ni yule tu aliyemaliza utumishi wake kwa dola.

Heinlein alihitimu chuo cha jeshi la majini cha Annapolis mwaka 1929, akatumikia katika meli za kivita wakati wa amani, na mwaka 1934 kifua kikuu kikamtoa jeshini. Vita Kuu ya Pili ilimkuta mhandisi wa kiraia huko Philadelphia. Silisemi hili kumdharau, kwani kifua kikuu hakimwulizi mtu kama ana ujasiri. Nalisema kwa sababu jeshi la kitabu chake ni jeshi la mtu aliyelitamani akanyimwa: safi, lenye maofisa waadilifu, ambalo kila kifo ndani yake kina maana.

Cha pili kilikuwa Dorsai! cha Gordon Dickson, kuhusu sayari isiyo na mali yoyote ya kuuza isipokuwa wanajeshi wake, watu waliolelewa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya vita tu. Dickson alikuwa jeshini kuanzia 1943 hadi 1946, kwa hiyo asije mtu akadhani nadai kwamba kila aliyevaa sare aliyachukia majitu.

Cha tatu ni The Sirens of Titan cha Kurt Vonnegut. Desemba 1944 Vonnegut, askari wa cheo cha chini, alitekwa na Wajerumani katika mapigano ya Ardennes. Februari 1945, akiwa mateka Dresden, alijificha katika stoo ya nyama iliyo chini ya ardhi wakati ndege za upande wake mwenyewe zikiuteketeza mji juu ya kichwa chake. Naye katika kitabu chake ana askari wa ajabu. Sayari ya Mirihi inaandaa jeshi la kuivamia Dunia, na kila askari kafunguliwa fuvu na kuwekewa antena. Akifikiri jambo asilotakiwa kulifikiri, antena inamtesa kwa maumivu. Akitii, maumivu yanakoma. Kumbukumbu zake zimefutwa. Mmoja wao anamnyonga rafiki yake kipenzi kwa mikono yake mbele ya gwaride, bila hata kujua kwamba huyo ndiye rafiki yake. Jeshi hilo linapofika Duniani linachinjwa, tena kwa urahisi wa aibu.

Kwa Heinlein, teknolojia inamwongezea askari nguvu. Kwa Vonnegut inamwongezea utii, kisha kuna mtu mwingine, mbali na uwanja wa vita, anayefaidi utii huo. Mimi naona swali la Vonnegut ndilo zito zaidi, ingawa kitabu cha Heinlein kimesukwa vizuri zaidi na si ajabu mashabiki waliopiga kura walikichagua. Kinasomeka kwa pumzi moja.

Jibu lililowapiku wote lilitoka kwa mhandisi wa mabomu. Joe Haldeman alimaliza shahada ya fizikia na elimu ya anga mwaka 1967, akaitwa jeshini kwa lazima, akapelekwa nyanda za juu za Vietnam, akajeruhiwa vibaya mwaka 1968. Kitabu chake The Forever War kilitoka 1974 baada ya wachapishaji wengi kukikataa. Wengi waliona hakuna anayetaka kusoma tena habari za Vietnam, hata ikihamishiwa nyotani. Kiliondoka na tuzo za Hugo na Nebula.

Haldeman analichukua vazi la Heinlein na kumvika mtu ambaye hakuliomba. Sheria ya dola inakamata vijana wenye akili nyingi na miili imara kuliko wote, wasomi wa fizikia kama William Mandella, na kuwafanya askari wa miguu. Kwenye mafunzo, katika sayari yenye baridi isiyosemeka, vazi lenyewe linaua: ukianguka vibaya, mapezi yake ya kupozea joto yakigusa gesi iliyoganda, unalipuka. Siku ya mapigano ya kwanza sauti ya mkuu inaamsha chuki waliyopandikizwa akilini usingizini, nao wanawachinja viumbe ambao hata hawajui kupigana. Kisha kuna ile hesabu ya Einstein. Anayesafiri kwa kasi inayokaribia ya mwanga huzeeka polepole, hivyo Mandella anaishi miezi huku nyumbani wakizikwa wajukuu wa rafiki zake. Vita inachukua miaka 1,143. Inapokwisha, inagundulika kwamba ilianza kwa kutoelewana tu.

Mandella ana nguvu zote alizokuwa nazo Rico, na hazimsaidii hata kidogo katika jambo analolitaka, yaani kurudi kwao na kukuta ni kwao.

Mwaka huohuo wa 1974, Jack Kirby, sasa mtu wa miaka hamsini na ushee, alikabidhiwa mfululizo wa katuni za The Losers, askari wanne wa kawaida wa Vita Kuu ya Pili, akaujaza sura za watu na mitaa aliyoiona mwenyewe Ufaransa. Mwaka huohuo pia alianzisha OMAC, ambamo setilaiti inamgeuza karani mnyonge kuwa jeshi la mtu mmoja. Meza ni ileile na mkono ni uleule. Nimesoma wachambuzi wanaotaka kumweka Kirby upande mmoja, hakai.

Baada ya hapo biashara ilinogewa na majitu. Nottingham, Uingereza, mwaka 1987 kampuni ya Games Workshop ilitoa mchezo wa mezani wa Warhammer 40,000. Askari wake maarufu wamepandikizwa viungo kumi na tisa vya ziada na hupangwa katika majeshi ya watu elfu moja moja. Chini yao kuna mamilioni ya askari wa kawaida wenye bunduki ambazo mashabiki huziita tochi, na nyuma yao afisa wa kuwapiga risasi wakikimbia. Tangu mwaka 1999 Dan Abnett amewaandikia hao wa chini mfululizo wa riwaya za kikosi kimoja kilichopoteza sayari yake, na wako wasomaji wanaoapa kwamba hizo ndizo nzuri kuliko zote za ulimwengu ule. Kichekesho ni kwamba mchezaji anayechagua walalahoi hutumia fedha nyingi kuliko anayechagua majitu: mlalahoi mmoja hafui dafu, kwa hiyo lazima anunue vinyago vingi.

Mchezo wa kompyuta wa Halo, wa 2001, ulilifanya jitu lake lipendwe na mamilioni, lakini riwaya iliyoutangulia kwa majuma machache ilisema waziwazi lilikotoka: watoto 75 wa miaka sita walioibwa kwa wazazi wao ili waje kuwapiga waasi, binadamu wenzao. Wageni wa anga za mbali ambao jitu hilo hupigana nao mchezoni walikuwa bado hawajajulikana.

Aliyegusa kidonda chenyewe ni Robert Morales. Mwaka 2003, akishirikiana na mchoraji Kyle Baker, aliandika Truth: Red, White & Black. Waliuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelichunguza kwa miaka sitini: dawa ile ya Steve Rogers ilijaribiwa kwa nani? Katika katuni yao ilijaribiwa kwa askari weusi mia tatu, na mmoja aliyesalia, Isaiah Bradley, akatupwa jela. Hawakuhitaji kubuni sana. Huko Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwaacha mamia ya wanaume weusi waugue kaswende bila tiba ili iwachunguze.

Majeshi ya kweli nayo hayakukaa nje ya hadithi. Mwaka 2013 kamandi ya vikosi maalumu vya Marekani ilitangaza mradi wa TALOS wa kutengeneza vazi la chuma kamili, aina ile ya Heinlein. Ulifungwa mwaka 2019 bila vazi kamili kufika vitani. Ufaransa ilichukua njia nyingine. Desemba 2020 kamati ya maadili ya wizara yake ya ulinzi iliruhusu utafiti wa kumwongezea askari uwezo, hata kwa vitu vinavyoingizwa mwilini, na waziri Florence Parly akaeleza kuwa mavazi ya mitambo wameyakubali, kubadili vinasaba wamekukataa. Kamati iliweka mipaka mingine. Askari asitiwe kitu kitakachomnyang'anya hiari yake anapotumia nguvu, wala kitu kitakachomzuia kurejea katika maisha ya kiraia. Mpaka wa kwanza ungewahusu askari wa Vonnegut wenye antena kichwani, na wa pili ungemhusu Mandella. Rico wa Heinlein, mwenye vazi linalovuliwa jioni na kutundikwa, angepita bila kipingamizi.