Mutoto, Neno na Kitu Chenyewe

Tukitembelea masomo ya vijijini, pengine tunasikia watoto wakisoma ukurasa muzima bila kukosa hata herufi moja. Tukiwauliza neno fulani la ukurasa ule ni kitu gani, wananyamaza. Sauti wanazo, maneno hawana. Taabu hiyo ni ya zamani sana.

Katika mwaka 1611, kule Salamanca katika Hispania, padri Muyezuiti wa Irlandi, William Bathe, alitoa kitabu cha kufundisha Kilatini. Alikusanya maneno zaidi ya 5,000 katika sentensi fupi, akijitahidi kila neno litokee mara moja tu. Kazi ya akili nyingi kweli! Lakini sentensi hazikufuata utaratibu wa vitu, na neno lisilorudi husahauliwa upesi.

Jan Amos Comenius, aliyezaliwa Moravia mwaka 1592, aliona upungufu ule. Hakuwa Mukatolika, alikuwa muchungaji wa Ndugu wa Bohemia, na vita ya dini ilimufukuza katika inchi yake. Hiyo haituzuii kumusikiliza. Mwaka 1631, akiwa Leszno katika Polonia, alitoa kitabu cha maneno karibu 8,000, yakipangwa kwa kufuata vitu: moto, maji, nyama, mwili, nyumba, kazi za mikono. Kikageuzwa katika luga nyingi.

Kwa watoto wadogo kilikuwa kizito. Basi, alipofundisha Sárospatak katika Hungaria (1650–1654), akatunga kingine, Orbis pictus, ndiyo kusema dunia katika picha. Huko fundi wa kuchonga picha hakupatikana. Kitabu kikangoja, kikapigwa chapa Nuremberg mwaka 1658. Kina picha 150 hivi. Katika kila picha vitu vina namba, na namba ileile iko kando ya neno, Kilatini huku, Kijeremani kule. Mutoto anatia kidole juu ya chombo, anatafuta namba, anapata neno. Mwanzoni kuna alfabeti ya sauti: kunguru analia, mutoto anapata herufi A. Tena Comenius alitaka watoto wachore wenyewe, na waonyeshwe kitu chenyewe kama kipo.

Kwa hiyo katekista asiye na picha asikate tamaa. Kabla ya kusoma mufano wa chachu, apeleke watoto kwa mama anayepika mikate, wauone unga ukiumuka ndani ya beseni, waguse, wanuse. Kisha wafungue kitabu.